Mikono ya Mama Garini

Liko neno moja ambalo nimeulizwa mara nyingi na watu wa Nachingwea na Ruangwa, nami naona yafaa tulifikiri pamoja kwa utulivu. Mama apandapo motokaa pamoja na mtoto wake mchanga, je, mahali pa mtoto ni mikononi mwa mamaye, au ni katika kiti chake mwenyewe, kile kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto, naye amefungwa mikanda? Huenda wengine wakacheka na kusema kwamba hilo si neno la kumwuliza mchungaji, bali ni la mafundi wa magari. Lakini mimi naona ni swali la upendo, tena ni swali la wajibu, na maswali ya namna hiyo hayawezi kuachiwa mafundi peke yao.

Kwanza na tuwasikilize wale wanaotetea mikono, maana si watu wa kudharauliwa. Bibi mmoja wa upande wa Ruangwa aliniambia hivi: "Mchungaji, tangu lini mwana akatengwa na mamaye safarini? Mimi nimelea wanangu saba kwa mbeleko, nikaenda nao shambani, mtoni na kilioni, wala hakuna aliyenianguka hata mmoja. Leo mjukuu wangu ananiletea kiti cha plastiki, kitoto kifungwe kama mbuzi wa kupelekwa sokoni!" Bibi huyu hasemi upuuzi. Mbeleko ni kitu cha heshima katika nchi yetu. Ndani yake mtoto husikia joto la mgongo wa mamaye, hulala kwa mwendo wa miguu yake, na mama huwa na mikono yote miwili kwa kazi. Mtu asiyeona wema wa mbeleko hajui kulea. Tena ni kweli kwamba mtoto aliyetengwa na mamaye hulia, na kilio cha mtoto ni neno zito moyoni mwa kila mzazi.

Basi kosa liko wapi? Naona liko katika jambo moja tu, nalo ni mwendo. Ulinzi hupimwa kwa hatari, wala si kwa desturi. Mbeleko ilitosha, nayo yatosha hata leo, kwa mama aendaye kwa miguu, kwa sababu hatari ya njia yake ni hatari ya kujikwaa. Mababu zetu wa nchi hii, Wamwera, Wangindo, Wayao, Wamakua na Wamakonde, walikwenda kwa miguu, nao waliyajua mambo ya miguu kabisa. Halafu mwendo ukaja kwa haraka kuliko maarifa. Katika miaka ya mpango wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, Nachingwea ilijaa matrekta na malori, na reli ikajengwa kutoka pwani. Karanga zilishindwa, reli nayo ikafungwa miaka ya 1960, lakini malori hayakuondoka. Tangu hapo msafiri wetu hana njia ila barabara, awe anakwenda Masasi, au Nanganga, au Lindi mjini. Tumepokea mwendo wa motokaa, lakini mioyo yetu ingali inapima hatari kwa mwendo wa miguu.

Na tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Mtu aendaye kwa miguu hupita karibu kilometa 5 kwa saa. Akigonga ukuta kwa mwendo huo, ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha sentimeta 10, yaani kama kushuka kizingiti cha mlango. Motokaa iendayo kilometa 50 kwa saa, ikisimamishwa ghafula na mti au na lori, yule aliyemo ndani asiyeshikwa na kitu huwa kama mtu aliyeanguka kutoka kimo cha mita 10. Angalieni: mwendo umeongezeka mara 10, lakini kimo kimeongezeka mara 100. Na gari likienda kilometa 80 kwa saa, kama madereva wengi wapendavyo penye lami, kimo chake ni mita 25. Hakuna mama yeyote katika Nachingwea ambaye angekubali kuruka kutoka juu ya mti wa mita 10 akimkumbatia mwanawe, akitumaini kwamba atamshika barabara atakapofika chini. Lakini ndivyo afanyavyo ampakatapo garini, ila tu hajaambiwa.

Tena yako mambo ya uzito. Mtoto wa kilo 7 ni mwepesi mikononi. Lakini gari la mwendo wa kilometa 50 likisimama katika sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto yule huvutwa mbele kwa nguvu ipatayo mara 14 ya uzito wake, yaani kama kilo 100. Hiyo ni gunia zima la korosho. Mwenye nguvu kuliko wote kijijini hawezi kulizuia gunia la korosho lililorushwa kutoka mikononi mwake, tena kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Na kama mama mwenyewe hakujifunga mkanda, yeye naye hurushwa mbele, na mwili wake humponda mtoto juu ya kiti au kioo kilicho mbele. Wengine hudhani wamepata akili kwa kumzungushia mtoto mkanda ule ule wa mama. Hilo nalo ni baya sana, maana mtoto huwa katikati ya mkanda na mwili wa mtu mzima, na uzito wote wa mamaye humkamua.

Kwa hiyo mikono haishindwi kwa kukosa upendo. Mikono hushindwa kwa sababu ni mikono.

Wala msidhani kwamba ni sisi tu wa Afrika tulioamini mikono. Katika jimbo la Tennessee, huko Marekani, alikuwako daktari wa watoto jina lake Robert Sanders, aliyewasihi watunga sheria kwa muda mrefu hata mwaka 1977 wakapitisha sheria ya kuwalazimu wazazi kuwafunga watoto wadogo katika viti vyao garini. Jimbo hilo lilikuwa la kwanza kati ya majimbo yote ya nchi ile, na sheria ikaanza kazi mwezi wa Januari 1978. Lakini watunga sheria waliingiza ndani yake ruhusa moja: mtoto akipakatwa na mtu mzima, haidhuru, sheria imetimizwa. Waliona haya kumnyang'anya mama mtoto wake. Daktari Sanders na wenzake waliipinga ruhusa ile kwa nguvu, wakaipa jina chungu, yaani kifungu cha kuponda watoto, na mwaka 1981 ikaondolewa. Mimi nikiwaza habari hii naona kwamba huruma isiyopimwa yaweza kuandikwa hata katika vitabu vya sheria, na watu wenye elimu wakaitia sahihi. Huruma ilikuwa ya kweli. Ila ilimhurumia mama kwa machozi yake ya sasa, ikamsahau mtoto na hatari yake.

Sasa twafika penye swali gumu zaidi. Je, mzazi anayempakata mtoto garini ana hatia? Watu hupenda jibu la neno moja, lakini katika jambo hili neno moja halitoshi. Yuko asiyejua. Huyo hana hatia, bali ana haki ya kufundishwa, na hatia humwangukia yule ajuaye akanyamaza. Yuko asiyetaka kujua. Huyu ukimwanzishia habari hizi hugeuza maneno, kwa kuwa anatambua kwamba akisikia hadi mwisho itampasa kufanya kitu. Yuko ajuaye lakini hana uwezo, nami nitasema habari zake baadaye kidogo, maana ndio wengi wetu. Na yuko ajuaye na kuweza, lakini anaona aibu kuchekwa, au anaona kazi kufunga mikanda kwa safari ya kwenda sokoni tu na kurudi. Huyo wa mwisho sioni namna ya kumtetea. Ana fedha za kununua gari, za mafuta, na hata za redio ya kupiga muziki ndani yake. Lakini kiti cha mtoto, asema, ni ghali.

Wengine hujibu kwa methali: Ajali haina kinga. Methali hii ni ya kumfariji mtu aliyekwisha kupatwa, wala haikufanywa kuwa mto wa kulalia kwa yule ambaye hajapatwa. Ingekuwa ni sheria ya maisha tusingechimba mitaro, wala tusingefyeka moto kuzunguka mashamba ya mikorosho wakati wa kiangazi. Tena methali hiyo si kweli kwa habari ya gari. Wakaguzi wa usalama wa barabara wa Marekani wamehesabu kwamba katika magari madogo, kiti kilichotumiwa sawasawa hupunguza hatari ya kufa kwa sehemu 71 katika 100 kwa watoto wasiotimiza mwaka, na kwa sehemu 54 kwa wale wa mwaka mmoja hadi minne. Hii si kinga kamili, lakini ni kinga. Nalo Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, hakuna kitu kinachowaua wengi kuliko ajali za barabarani.

Wengine tena husema, Mungu ndiye mlinzi. Kwa neno hili inanipasa kuwa mwangalifu, kwa sababu ni kweli. Walakini kweli hutumiwa vibaya mara nyingi. Mwaka 1527, tauni ilipokuwa ikiua watu katika Ujerumani, Martin Luther aliulizwa kama Mkristo aweza kuikimbia. Katika jibu lake aliwalaumu watu wa namna mbili: wale wakimbiao na kuwaacha wagonjwa waliowekewa chini ya mikono yao, na wale wanaodharau dawa na tahadhari kwa kisingizio cha imani. Hao wa pili aliona kwamba wanamjaribu Mungu, wala hawamtumaini. Na katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mtu ajengaye nyumba mpya aliagizwa kuweka ukuta mdogo kuzunguka dari lake, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Hakuambiwa kwamba aombe tu watu wasianguke. Mimi sioni tofauti kubwa kati ya ukuta wa dari na mkanda wa kiti.

Lakini iko sababu nyingine ambayo kwangu ni nzito kuliko hizi zote. Mtu mzima akikataa kujifunga mkanda, amechezea maisha yake mwenyewe, nasi twaweza kumwita mpumbavu. Mtoto mchanga hakuulizwa. Hakuchagua safari, wala dereva, wala mwendo. Maisha yake yako mikononi mwetu kama amana, na mwenye kuwekewa amana hana ruhusa ya kuibahatisha, hata kama mali yake mwenyewe huibahatisha kila siku. Ukipewa fedha za chama cha ushirika uzitunze, huwezi kusema, "Nilizianika uani kama nianikavyo zangu." Watu watakuuliza kwa nini, na jibu hilo halitawatosha.

Na kilio je? Ni kweli, watoto wengi hulia wafungwapo mara ya kwanza. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Twampeleka mtoto kliniki akachomwe sindano ya chanjo, naye hulia kwa sauti kuu, wala hakuna mama anayemwambia mwuguzi aiondoe sindano. Kwa kiti kilio hupungua baada ya siku chache, kwa sababu mtoto huzoea, hasa akianza tangu safari ya kwanza atokapo hospitali alikozaliwa.

Sasa na tuseme juu ya kiti chenyewe, maana kiti kikitumiwa vibaya humdanganya mzazi. Mtoto mchanga ana kichwa kikubwa. Azaliwapo, kichwa peke yake ni karibu robo ya urefu wake wote, na shingo yake ni laini. Gari likisimama ghafula, kichwa hicho huvutwa mbele kwa nguvu, nayo shingo haiwezi kukizuia. Kwa ajili hii mtoto mchanga hukalishwa akitazama nyuma ya gari, si mbele. Hapo nguvu ya ajali humsukuma ndani ya kiti, na mgongo, shingo na kichwa hupokelewa pamoja. Fikira hii ilitoka kwa daktari mmoja wa Sweden, Bertil Aldman, aliyeangalia jinsi Wamarekani waendao angani walivyolazwa chali katika viti vilivyofuata umbo la migongo yao. Na kiti cha kwanza cha namna hiyo kilijaribiwa katika gari la Volvo mwaka 1964. Mtoto na aendelee kutazama nyuma mpaka atimize miaka miwili, au zaidi, maadamu kiti chake kinamtosha kwa uzito na kwa kimo.

Kiti hufungwa katika kiti cha nyuma cha gari. Kamwe kisiwekwe mbele kikitazama nyuma penye mfuko wa hewa ule ufumukao wakati wa ajali, maana mfuko huo hutoka kwa nguvu ya kumwua mtoto ambaye angepona. Kikiisha kufungwa, kishike pale mkanda unapopita ukitikise. Kikicheza zaidi ya sentimeta mbili na nusu, hakijafungwa. Mikanda ya mtoto itokee mabegani au chini kidogo ya mabega, nayo ikazwe hata vidole vyako visiweze kukunja utepe wake penye bega. Asivishwe nguo nene ndani ya mikanda, wala asifungiwe akiwa amezungushiwa khanga nzito au blanketi. Kwanza mfunge, ndipo umfunike juu ya mikanda. Kiti kilale kiasi cha kichwa kutoanguka kifuani, kwa sababu mtoto mchanga aliyeinamisha kidevu hushindwa kuvuta pumzi. Na mfikapo, mtoe. Kiti hiki si kitanda cha kulalia nyumbani.

Ninyi mnunuao mitumba, angalieni sana. Kiti kilichokwisha kuwamo katika ajali hakifai tena, hata kama macho hayaoni ufa. Vingi vina tarehe iliyopigwa chini au nyuma, kwa kuwa plastiki huchakaa. Kama muuzaji hajui habari za kiti, ni afadhali kukiacha. Nami naongeza neno moja ambalo si la kiti lakini li jirani yake: msimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa, hata kama mwaingia dukani mara moja tu. Katika jua la nchi yetu joto la ndani laweza kupanda digrii 10 katika dakika 10.

Najua wengi wenu mtasema, "Mchungaji, unatuhubiri habari za magari, nasi hatuna hata baiskeli." Ni kweli. Mama wa kijijini aendaye kliniki hupanda pikipiki, mtoto yuko mgongoni katika mbeleko, au amebanwa kati yake na dereva. Kwa pikipiki hakuna kiti cha mtoto mchanga kilicho salama, wala kofia ngumu imfaayo, kwa maana shingo yake haiwezi kuibeba. Siwezi kumwambia mama huyu kwamba ana hatia, ikiwa zahanati iko mbali na mtoto ana homa. Lisilowezekana halidaiwi. Lakini lile liwezekanalo hudaiwa, nalo si dogo. Kama safari ni ya kutembea, na atembee, maana hapo mbeleko ni mfalme. Kama kuna gari la abiria, na angoje gari. Akipanda pikipiki, asikubali mishikaki, wala asione haya kumwambia kijana, "Mwanangu, punguza mwendo, nina mtoto." Katika basi akae sehemu za katikati, si mbele penye kioo, ajifunge mkanda ukiwapo, na mtoto awe nje ya mkanda huo, amemshika karibu na kifua chake. Mikono hapo ni hafifu, kama tulivyokwisha kuona, lakini ndiyo aliyo nayo.

Na pale uwezo wa mama unapokoma, wajibu haukomi, bali huhama. Huhamia kwa dereva, ambaye mwendo uko katika mguu wake. Huhamia kwa mwenye gari apakiaye wanawake na watoto nyuma ya lori kwa harusi na maziko, akiona amewatendea wema. Huhamia pia kwa watungao sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ilipotungwa, haikuagiza kiti cha mtoto, wala siilaumu, kwa kuwa hata Tennessee wakati ule haikuwa na agizo hilo. Lakini wako wasemao kwamba kisichoagizwa na serikali si wajibu. Hao wajiulize ni sheria gani iliyowaagiza kuamka usiku kumfunika mtoto aliyejifunua.

Liko jambo moja ambalo usharika waweza kulifanya bila fedha nyingi, nami nimelitaja katika baraza la wazee. Kiti cha mtoto mchanga hutumika mwaka mmoja au zaidi kidogo, kisha hulala stooni. Viti viwili au vitatu vyenye historia ijulikanayo, vikiwekwa kwa katekista na kuandikwa katika daftari, vyaweza kuazimwa na kila mama arudiye kwa gari kutoka hospitali ya Ndanda au ya Sokoine, Lindi, ikiwa amekodi gari au amepata lifti. Mzee mmoja aliuliza ni nani atakayevifua vitambaa vyake. Ni swali la haki, na akina mama wa umoja walilijibu kabla yangu.

Waliouliza habari za watoto wakubwa nawajibu kwa ufupi. Akizidi kiti cha kutazama nyuma, mtoto hukalia kiti cha kutazama mbele chenye mikanda yake mwenyewe. Akikizidi hicho nacho, huwekewa kiti cha kumwinua, ili mkanda wa gari upite begani na mapajani, si shingoni na tumboni. Hivyo ndivyo awe mpaka afikishe kimo cha sentimeta 145 hivi, ambacho wengi hukifikia kati ya miaka 8 na 12. Msipime kwa miaka tu. Msimamisheni ukutani, mweke alama ya mkaa, mkapime.